Jeep, Landrova au Difenda? Mwongozo kamili wa kutaja kwa usahihi magari ya zamani kwenye filamu za vita

Kwenye kibanda umiza, mtafsiri wa filamu huwa na majina matatu tu ya gari la vita. Lililo wazi ni Jeep, lenye turubai ni Landrova, na lililobeba askari nyuma ni difenda. Mitaani nako ni hivyo hivyo: Arusha na Moshi pikapu ya polisi inaitwa difenda hata kama shoo yake ya mbele imeandikwa TOYOTA. Kwa maongezi haina neno. Lakini ukiandika maelezo ya filamu, ukitengeneza modeli au ukibishana juu ya historia, unahitaji jina kamili, kwa sababu jina la gari hubeba tarehe. Willys MB, yaani Jeep ya Vita Kuu ya Pili, ni 1941 hadi 1945. Jina Defender lilianza kutumika 1990. Anayesema askari wa 1979 walipanda Defender amewapandisha gari ambalo jina lake halijazaliwa.

Kazi hii haihitaji uwe fundi. Inahitaji picha nzuri iliyosimamishwa, rula, na kujua pa kuangalia.

Miaka miwili kabla ya yote

Chukua karatasi uandike mwaka wa vita vinavyosimuliwa, halafu mwaka na nchi filamu ilipopigwa. Gari linalofaa hadithi haliwezi kuwa jipya kuliko vita vyenyewe. Gari lililosimama mbele ya kamera haliwezi kuwa jipya kuliko siku ya kupiga picha. Makosa karibu yote yanakaa katikati ya miaka hiyo miwili, kwa sababu watengenezaji wa filamu hukodi kilichopo jirani. Filamu iliyopigwa Hispania inaweza kuonyesha Santana, yaani Landrova zilizoundwa kwa leseni mjini Linares kuanzia 1958. Iliyopigwa Ufaransa hutumia Hotchkiss M201, ndugu wa Willys aliyeundwa miaka ya 1950 na 1960. Deraya ya Kijerumani ya minyororo nyuma na matairi mbele mara nyingi ni OT-810 ya Chekoslovakia, iliyotoka zaidi ya miaka kumi baada ya vita kwisha.

Tarehe chache zikae kichwani. Mfano wa kwanza wa Jeep, wa kampuni ya Bantam, ulikabidhiwa jeshi la Marekani Septemba 1940. Landrova ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Land Cruiser ilianza 1951 ikiitwa Toyota BJ, ikapewa jina tunalolijua 1954. Kwa hiyo filamu ya Vita Kuu ya Pili yenye Landrova ina kosa, hata kama imepakwa rangi vizuri namna gani. Na filamu ya Vita Kuu ya Kwanza ya huku kwetu, Salaita Februari 1916 na Moshi kutwaliwa mwezi uliofuata, haina nafasi ya Jeep hata moja: magari ya wakati ule ni Ford T na deraya za Rolls-Royce.

Kusimamisha picha

Usitambue gari likiwa mwendoni. Kwenye programu ya VLC ya kompyuta, simamisha filamu kisha bonyeza herufi E: picha itasogea moja moja. Kila ukipata picha kali, bonyeza Shift na S ili uihifadhi. YouTube nayo, ukishasimamisha, vitufe vya mkato na nukta husogeza picha moja nyuma au mbele. Tafuta picha nne za gari hilo hilo: mbele, ubavu uliosimama sawa, nyuma, na dashibodi. Ya dashibodi hupuuzwa sana, nayo ndiyo humaliza ubishi mwingi wa Landrova.

Hakikisha ni gari moja. Filamu huchanganya: dereva anaingia kwenye gari moja, kamera inahama, linalopinduka ni jingine la bei nafuu. Angalia mikwaruzo, namba za pembeni na mahali pa tairi la spea. Angalia pia kama picha haijageuzwa kama kwenye kioo. Usukani ukihama upande katikati ya tukio, soma maandishi yoyote yaliyo karibu. Yakiwa kinyumenyume, chochote utakachosema kuhusu kulia na kushoto ni kosa.

Kupima kwa tairi

Huwezi kujua sentimita za gari kwenye skrini, lakini unaweza kujua uwiano. Pima umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kisha ugawanye kwa kipenyo cha tairi. Tairi nalo lipime kwa mlalo, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, si kwa wima. Sababu ni mbili. Chini tairi limebonyea kwa uzito. Halafu filamu nyingi za zamani zimevutwa ili zijaze televisheni pana, matairi yakawa kama mayai; ukigawanya mlalo kwa mlalo, mvuto huo unajifuta wenyewe. Ubavu ukiwa umegeuka kiasi cha kuona unene wa tairi, iache picha hiyo utafute nyingine.

Willys MB ina sentimita 203 kati ya ekseli na tairi la 6.00-16, ambalo kipenyo chake ni kama sentimita 72. Uwiano ni 2.8. Landrova fupi ya inchi 88 ni sentimita 224. Kwa tairi hilo hilo unapata 3.1. Landrova ndefu, 109, ni sentimita 277 na kwa kawaida huvaa 7.50-16 la karibu sentimita 80, hivyo unakaribia 3.5.

Kuna mtego hapa. Dodge WC-51 ya tani robo tatu ina sentimita 249 na tairi kubwa la 9.00-16, karibu sentimita 90. Gawanya: 2.8 tena, sawasawa na Willys, ingawa Dodge ni gari kubwa zaidi kwa kila hali. Ndiyo maana uwiano lazima usindikizwe na mtu. Askari wa kimo cha kawaida akisimama kando ya Willys, boneti inamfika kiunoni au juu yake kidogo. Kwenye Dodge boneti inamfika kifuani. Mtego wa pili: 109 na One Ten, Landrova ya inchi 110 ya 1983, wamepishana inchi moja tu. Hakuna rula itakayokutenganishia hao. Kwao tumia kioo cha mbele, kama tutakavyoona.

Hesabu nati za gurudumu pia. Willys, Ford na Landrova zina nati 5. Land Cruiser ya mfululizo wa 40 ina 6. Kwenye picha kali ya gari lililosimama, kuhesabu nati kunachukua sekunde kumi na kunafuta nusu ya majina.

Familia ya Jeep

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa hiyo tutakaa kidogo. Neno Jeep lilikuwa la mitaani kabla halijawa alama ya biashara, na wakati wa vita gari hilo lilitoka viwanda viwili: Willys iliunda MB, Ford ikaunda GPW, kwa jumla zaidi ya 600,000. GPW haina uhusiano na maneno General Purpose (matumizi ya jumla) ambayo watu hupenda kuyataja. G ni gari la serikali, P ni alama ya Ford kwa gari la inchi 80 kati ya ekseli, W ni muundo wa Willys.

Anza na shoo, lile bati la mbele ya rejeta. Lihesabu. Mipasuo tisa ya wima kwenye bati lililopigwa chapa, na taa ndogo zilizoingia ndani ya usawa wa bati, ni Jeep ya vita. Willys za mwanzo kabisa, karibu 25,000, zilikuwa na shoo ya vyuma bapa vilivyochomelewa. Ukiiona hiyo umepata gari la 1941 au mwanzoni mwa 1942. Mipasuo saba na taa kubwa zilizochomoza ni gari la baada ya vita.

Kisha nenda nyuma. MB na GPW hazina mlango wa nyuma: ni bati zima, lenye tairi la spea upande wa kulia na mahali pa jerikeni kushoto. CJ-2A ya raia, 1945 hadi 1949, ina mlango wa nyuma unaoangushwa, na tairi la spea limehamia ubavuni. Angalia pia wanapojaza mafuta. Tangi la MB liko chini ya kiti cha dereva, kwa hiyo lazima kiti kiinuliwe. CJ-2A ina mdomo wa tangi nje ya bodi. Filamu nyingi zimevalisha CJ-2A rangi ya kijani na nyota nyeupe, halafu zikasahau mlango wa nyuma.

Kumtenga Willys na Ford kunataka picha ya karibu ya chini ya rejeta. Chuma kinachounganisha chesisi mbele ni bomba la mviringo kwa Willys. Kwa Ford ni chuma cha pembe kama herufi U iliyogeuzwa. Ford pia iligonga herufi F kwenye vichwa vya bolti zake. Hata hivyo magari haya yamebadilishana vipuri kwa zaidi ya miaka 80, na jeshi lenyewe lilitaka vipuri viingiliane. Bolti moja yenye F haithibitishi kitu. Ikiwa chuma cha mbele hakionekani, andika "Willys MB au Ford GPW". Hilo ni jibu sahihi na kamili.

Baada ya hapo kuna Jeep tatu za jeshi. M38 ya 1950 hadi 1952, gari la Korea, ina mipasuo saba na vyuma vya kukinga taa. M38A1, kuanzia 1952, ina madigadi yaliyopinda na boneti yenye kingo za mviringo. CJ-5 ya raia ilitokana nayo. Kuna pia CJ-3B, ya raia, ambayo boneti yake imeinuka kama sanduku kwa ajili ya injini ndefu ya Hurricane, nayo iliundwa kwa leseni India na Mahindra. M151 ya Ford, gari la Vietnam, ni nyepesi kuitambua: mipasuo ya shoo yake imelala mlalo, na chini hakuna ekseli ngumu kwa kuwa kila gurudumu linajitegemea. Toleo la M151A2 lilibadilishwa nyuma kwa sababu yaliyotangulia yalipinduka kirahisi kwenye kona. Ukiona shoo ya mlalo kwenye filamu ya 1944, huna haja ya kuendelea kutafuta.

Landrova, iliyo karibu nasi

Msomaji wa Arusha ana bahati: vielelezo bado vinatembea. Landrova husomwa kutoka ubavuni kuja mbele, kisha ndani.

Series I, 1948 hadi 1958, ina ubavu ulionyooka kama ubao. Za mwanzo zina inchi 80 na taa zimejificha nyuma ya wavu wa shoo. Series II, 1958, ilipata bega: chini ya madirisha bodi inatoka nje kwa mkunjo laini, na chini ya milango kuna bati refu linaloficha chesisi. Bega likiwapo, si Series I.

Kutenga II na IIA kwa filamu peke yake ni kubahatisha, na tunashauri uandike "Series II au IIA" isipokuwa taa zikusaidie. Kwenye II na IIA za awali taa mbili ziko karibukaribu, ndani ya uso wa shoo kati ya madigadi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilihamia kwenye madigadi. Kwa hiyo taa kwenye madigadi pamoja na shoo ya wavu wa chuma ni IIA ya mwishoni. Taa kwenye madigadi pamoja na shoo ya plastiki ni Series III, 1971 hadi 1985. Sasa ile picha ya dashibodi: saa za kupimia mwendo na mafuta zikiwa katikati ya gari ni II au IIA, zikiwa mbele ya dereva ni III. Shoo hubadilishwa kwa bolti chache, dashibodi ni kazi ya siku kadhaa. Vikipingana, iamini dashibodi.

One Ten ya 1983 na Ninety ya 1984 ndizo baadaye ziliitwa Defender. Kioo chao cha mbele ni kipande kimoja kirefu. Series zote zina vipande viwili vyenye nguzo katikati. Uso wao umesawazika na madigadi, wakati kwenye Series rejeta imeingia ndani. Juu ya matairi zina nyusi za plastiki. Chini zina springi za kuzunguka badala ya springi za vyuma bapa vilivyopangana.

Rangi ya kutu nayo inasema. Madigadi, milango na boksi la nyuma la Landrova ni aloi ya alumini, iliyochaguliwa kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza. Alumini haishiki kutu nyekundu: rangi inavimba malengelenge, chini yake kuna unga mweupe. Michirizi ya kutu nyekundu inayoteremka kwenye digadi ina maana gari si Landrova, digadi limetengenezwa kwa bati la kawaida gereji, au wapambaji wa filamu wameipaka. Ukipata ruhusa ya kuligusa gari, sumaku ndogo inatosha: kwenye digadi inaanguka, kwenye bati linalotenganisha injini na kabini inang'ang'ania, maana hilo ni chuma.

Land Cruiser na wengineo

Land Cruiser ya 40, 1960 hadi 1984, ina bodi ya chuma tupu na uso wa taa mbili ndani ya fremu moja yenye jina TOYOTA. Fremu hiyo ikiwa ya mviringo, gari ni la kabla ya 1979. Ikiwa ya pembe, ni la mwishoni. Nyuma, hardtop yake (bodi ya paa gumu) ina vioo vilivyopinda kwenye kona. Stesheni wagoni ya Landrova haina hivyo, bali ina vioo vyembamba kwenye ukingo wa paa. Pikapu ndefu ni 45, na baadaye 47. Mfululizo wa 70, ambao ndio mama wa magari mengi ya safari mnayoyaona yakielekea Ngorongoro, ni 1984 na kuendelea.

Kwa Wajerumani, Kübelwagen ya Volkswagen haina shoo kabisa kwa kuwa injini iko nyuma na inapozwa kwa hewa. Ina milango minne, tairi la spea juu ya boneti iliyoteremka, na huendeshwa na magurudumu mawili tu. Inayoigiza mahali pake ni Volkswagen 181 ya 1968 na kuendelea: taa kubwa kwenye madigadi, boneti bila tairi. Kwa Warusi, GAZ-67 ni ya vita, GAZ-69 ni 1953, UAZ-469 ni ya miaka ya 1970. Lori lenye kioo cha mbele kilichoinamia ndani kwa chini, kama paji la uso lililotangulia, ni la muundo wa kijeshi wa Kanada, Ford au Chevrolet.

Mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Chukua filamu ya Vita vya Kagera. Miaka: Oktoba 1978 hadi Aprili 1979, Kampala ilipotwaliwa. Gari la kijani linapita kwenye vumbi, turubai nyuma, watu sita. Picha ya ubavu inatoa uwiano wa 3.4: ni ndefu, 109 au One Ten. Nati ni 5, Land Cruiser imetoka. Shoo ni ya plastiki, taa kwenye madigadi: inaelekea Series III. Lakini kioo cha mbele ni kipande kimoja, na juu ya tairi la nyuma kuna alama za matundu manne ya bolti, mahali nyusi ya plastiki ilipong'olewa. Gari ni One Ten iliyovalishwa uso wa kizee. Kwa hadithi, ilipaswa kuwa 109 ya Series III au IIA.

Mchanganyiko wa namna hii si wa filamu tu. Kwenye gereji za mtaa wa Unga Limited, Arusha, utakuta 109 yenye boneti ya Defender na injini ya Toyota, inayofanya kazi kila siku. Ndiyo sababu usitoe jina kwa ushahidi mmoja. Tafuta vitatu, na angalau kimoja kiwe kwenye kitu kigumu kubadilisha: umbali wa ekseli, kioo cha mbele na fremu yake, au dashibodi.

Ukienda kufanya mazoezi, omba ruhusa ya mwenye gari kabla ya kupiga picha, na uanze na Landrova, kwa kuwa tofauti zake unaweza kuzishika kwa mkono. Magari ya JWTZ na maeneo ya kambi, Monduli ikiwemo, usiyapige picha kabisa. Utapata matatizo makubwa, na gari la raia la mfano uleule linakufundisha yaleyale.

Namna ya kuandika jina

Fuata mpangilio huu: mtengenezaji, mfano, toleo, urefu au bodi, miaka, kisha kiwango cha uhakika. Kwa gari la mfano wetu: "Land Rover One Ten, turubai, 1983 au baadaye, shoo ya Series III, inaigiza 109, hakika." Kwa Jeep iliyoonekana kwa mbali: "Willys MB au Ford GPW, 1941–1945, huenda Hotchkiss M201, nyuma haikuonekana." Usiandike Jeep Ford, usiandike Defender kwa chochote cha kabla ya 1990, na usiunganishe namba za mifano miwili. Pembeni weka dakika na sekunde ya kila picha uliyoitumia, ili mwingine akibisha aweze kusimamisha filamu palepale na kuhesabu mipasuo mwenyewe.